Figo kwenye Kamba ya Ghorofa ya Nne

Ploti yetu ya mtaa wa Pipeline, Nairobi, ilikuwa na ghorofa saba, na jua lilifika kwenye paa tu. Huko chini tulikokaa watu, taa iliwashwa saa nne za asubuhi ili mtu apate kukiona kiatu chake. Dirisha letu la ghorofa ya pili lilitazamana na dirisha la ploti jirani, karibu mno, hata Mama na mwanamke wa upande ule wakapeana chumvi bila kutoka nyumbani. Mgeni akiingia kwenye ngazi alidhani stima zimepotea, umeme umekatika. Sisi hatukuona ajabu. Chumba kilikuwa cha kulala, kupikia na kusalia, na mambo mengine yote yalitafutiwa mahali nje.

Kusoma ndiko kulikokosa mahali. Nje ya lango kulikuwa na jiko la Mama na wateja wake, kwenye ngazi kulikuwa na vijana na muziki wao, na chumbani kulikuwa na giza na wadogo zangu wawili wasiojua kunong'ona. Mimi nilikuwa narudia mtihani wa kidato cha nne, na mtu anayerudia mtihani hana hata kisingizio cha kwamba hakujua ulivyo.

Mara ya kwanza niliufanya mwaka uleule tuliomzika Baba, nikapata D ya kujumlisha. Silitaji hilo nionewe huruma. Wengi hufiwa na wakapita. Kilichoniuma ni swali moja la baiolojia. Lilikuwa la figo. Mchoro ulikaa katikati ya ukurasa, mkubwa, nami nilitakiwa nitaje sehemu zake na kueleza damu inachujwaje. Baba alikuwa amekufa kwa figo. Ndivyo tulivyoambiwa: sukari imeingia kwenye figo. Niliukodolea macho ule mchoro mpaka msimamizi wa chumba akanijia kuuliza kama naumwa. Nikafunua ukurasa wa pili, na huo nao sikuuona vizuri.

Hakuna aliyetueleza sukari inaingiaje kwenye figo. Hospitalini daktari alizungumza haraka haraka amesimama mlangoni, Mama akaitikia "naam" kila daktari alipovuta pumzi, basi yakaisha. Matangani shangazi yangu, dada wa Baba, akatoa maelezo yake mwenyewe mbele za watu. "Umemlisha mafuta mpaka yakammaliza," alimwambia Mama. Mama hukaanga viazi karai pale langoni, na ndivyo vilivyotulisha na kutuvisha. Alipomaliza eda aliwasha jiko akaendelea kukaanga, ila tangu hapo sikumwona tena akitia kiazi kinywani.

Ndiyo sababu nilitaka kuwa muuguzi. Watu husema ni moyo wa huruma. Moyo wangu si wa huruma kiasi hicho, waulize wanaonijua. Nilitaka kujua, na nilitaka nikishajua niweze kumwambia mtu polepole, nimeketi. Chuo cha uuguzi kilisema kinapokea hata wenye C, lakini kila mtu mtaani alijua wenye C huomba tu. Walioitwa walikuwa na C ya kujumlisha kwenda juu, maana waombaji walikuwa wengi kama siafu.

Mama aliniita siku moja baada ya sala ya alasiri, viazi vikiwa bado vimo majini.

"Mwaka mmoja, mwanangu," akasema. "Mjomba wako akushikia nafasi dukani. Ukipita, alhamdulillahi. Usipopita, wende ukapime vitambaa, na nisisikie neno."

"Na nikikosa kidogo tu?"

"Kukosa ni kukosa. Mimi sina kifua cha kukutazama ukirudia mara ya tatu."

Mjomba ana duka la vitambaa la jumla kule Eastleigh. Ni mtu mwema na duka lake ni zuri. Lakini nikijifikiria nimesimama nyuma ya meza yake nikipima gauni za harusi za watu wengine, nilikuwa narudi kitabuni.

Sasa nije kwenye paa. Paa la ploti yetu lilikuwa la saruji, na lilikuwa na matangi ya maji, kamba za nguo kutoka ukingo hadi ukingo, na mlango wenye kufuli. Kufuli lilitiwa kwa sababu ya wezi. Pipeline nguo haianikwi ikaachwa. Ukigeuza kisogo, jinzi yako inaonekana Jumapili kwenye miguu ya mtu usiyemjua. Kwa hiyo siku ya maji, yaani siku mfereji unapotoa maji, wanawake walifua mbio mbio, wakaanika, kisha wakakaa huko juu kulinda mpaka zikauke, na kazi nyingine zote zikalala.

Aliyeniona nikisoma kwa tochi ya simu kwenye ngazi, saa sita mchana, alikuwa jirani wa ghorofa ya nne. Alikuwa akiuza mapazia ya mitumba sokoni, na mtaa mzima ulimwita mama wa mapazia. Mwanamke mrefu, sauti kubwa, hana dogo. Mimi nimelelewa na mtu wa Mombasa, kwa hiyo kila siku nilimwamkia shikamoo, na kila siku alinijibu "poa" na kupita zake.

Siku hiyo hakupita.

"Wewe si unatafuta mahali ya kusoma?" akasema. "Chukua hii kifunguo. Kaa na nguo zetu huko juu. Ukiona mwizi, piga nduru. Na usilale."

Hakuniuliza kama nataka. Wala msimamizi wa ploti hakuulizwa. Kufikia wiki iliyofuata ghorofa zote zilikuwa zimekubaliana kwamba mimi ndimi mlinzi wa nguo, na vijana wa ngazini, ambao hawakuwahi kunisalimia, wakaanza: "Niaje daktari! Unaenda wodi?" Nilinuna. Mimi hununa haraka, na kununua upya uso wa kawaida hunichukua muda. Lakini nilipanda.

Naweza kusema bila kuona haya kwamba sijawahi kusoma mahali pazuri kama pale. Mashuka ya watu yalikuwa ukuta, na blanketi zilikuwa kivuli. Ndege za kwenda uwanjani zilipita chini chini hata ukamuona rubani akipiga miayo, au mimi ndivyo nilivyojiambia. Upande mmoja kulikuwa na mabati ya vibanda vya Mukuru, upande mwingine kuta za ploti za Kware, na harufu ya viwanda ilikuja na kwenda. Jua likisogea, kivuli kilisogea, nami nilibeba ndoo yangu ya kukalia nikasogea nacho kutoka kamba hadi kamba.

Kila ghorofa ilikuwa na kamba yake. Hilo halikuandikwa mahali, lakini ole wako uanike kwenye kamba ya mwenzio. Kwa kukaa nazo muda mrefu nikawajua watu kwa nguo kuliko nilivyowajua kwa sura. Nilijua ghorofa ya sita kuna mtoto mchanga kabla mama yake hajatoka nje. Nilijua mume wa ghorofa ya kwanza ameachishwa kazi, kwa sababu ovaroli zake za buluu ziliacha kuja juu. Familia ya ghorofa ya tano, Waislamu wenzetu waliozaliwa Nairobi na wazazi waliokimbia vita, walianika kanzu nyeupe nne zinazoshuka kwa urefu, baba mpaka mtoto wa madrasa. Mambo ya watu niliyafungia kifuani. Mlinzi wa nguo akianza kusema, hakuna atakayemuachia nguo.

Na masomo nayo yakajipanga vivyo hivyo. Sikukusudia. Kwa vile kivuli cha asubuhi kilikuwa kwenye kanzu za ghorofa ya tano, na asubuhi nilisoma ini, basi ini likakaa pale: kanzu ya kwanza nyongo, ya pili sukari inavyowekwa akiba, ya tatu sumu zinavyovunjwa, na ile fupi kabisa joto la mwili. Kamba ya nepi za ghorofa ya sita ilibeba homoni. Ghorofa ya tatu aliishi kijana mseja aliyependa mpira, na kwenye fulana na soksi zake uliishia mfumo wa uzazi, jambo ambalo sikumwambia mtu. Nikijiuliza swali, sikukumbuka ukurasa. Niliona kamba, nikaona nguo, na jibu lilikuwa limebanwa hapo kwa kibanio.

Figo nililikwepa. Nilisoma lililotangulia na lililofuata, nikalizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi. Mpaka siku moja upepo ulivuma, na pazia la neti la mama wa mapazia likanifunika uso. Alikuwa akifua neti za biashara yake kila siku ya maji, nyeupe, ndefu, na kamba yake ilikuwa nazo peke yake. Nililishika nilitoe usoni, kisha nikaliangalia. Upepo ulipita. Mwanga ulipita. Vumbi la viwandani lilikuwa limenasa kwenye nyuzi.

Nikafungua kitabu penye figo. Damu inaingia kwa nguvu kwenye mishipa midogo, vitu vidogo vinapenya kwenye vitundu, vikubwa vinabaki, kisha mwili unarudisha unachokitaka. Nililia, ndiyo. Nililia nikiwa nimelishika lile pazia, na baadaye nikaogopa nimelichafua. Kisha nikasoma tena, na mara ya tatu nikafika mahali kitabu kinapoeleza kinachotokea sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi. Baba yangu alikuwa pale, katika aya fupi isiyomjua.

Tangu siku hiyo niliamini nitapita. Nilimwambia Mama nitapita, naye akasema tusiikate nguo kabla ya kuipima.

Ndipo wema ukaniharibia.

Mwezi wa mtihani ulikuwa unakaribia. Nilipanda siku moja ya maji nikakuta kamba tupu. Nikafikiri mfereji haukutoa. Nikangoja. Hakuna aliyekuja. Siku ya maji iliyofuata, vilevile: kamba, vibanio, na jua la Nairobi likinipiga utosini. Niliposhuka nilikuta nguo zimejaa kwenye vijia vya ghorofa zote, kwenye vyuma vya ngazi, madirishani, mlangoni mwa kila mtu, na maji yakidondoka kutoka juu hadi chini. Unapita umeinama kama unaingia pangoni.

"Kuna nini?" nilimuuliza Mama.

Mama alikuwa amekaa langoni na mwavuli, akiukinga juu ya karai ya mafuta. Tone moja kutoka suruali ya mtu wa ghorofa ya tatu lilikuwa limeangukia mafuta ya moto yakaruka, na kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Wamekaa kikao," akasema. "Wasema wewe wakaribia mtihani, na mtu asikusumbue kwa kulinda nguo. Wakuachia paa lote, usome kwa raha."

"Nani kasema?"

"Mama wa mapazia. Kawaambia anayetaka kuanika juu ampitie yeye kwanza." Akasogeza mwavuli. "Watu wema hawa, mwanangu. Waombee."

Nikawaombea. Ningefanya nini? Wa ghorofa ya tatu walikuwa wanapigana maneno na wa ghorofa ya tano juu ya maji yanayochururika, ghorofa ya sita mtoto alikuwa anavaa nepi mbichi, na kila ugomvi ulipopanda mtu alisema, "Vumilieni, ni mtoto asome." Hata vijana wa ngazini walizima muziki wao. Nikipita walijibanza ukutani kunipisha.

Na huko juu, kwenye ile raha niliyotengenezewa, sikujua kitu. Nilijiuliza ini. Kimya. Nilijiuliza homoni, zikaja mbili, tena zimebadilishana kazi. Nikaona ni hofu. Nikanywa maji, nikasoma Yasini, nikabadilisha mahali pa ndoo. Jua halikuwa na huruma, na kimya kilikuwa kikubwa mno. Kila nilichosoma kilikuwa kinaingia na kutoka. Siku zilipita hivyo, nami nikaanza kuona meza ya Mjomba, na futi ya kupimia, na gauni za harusi.

Nilipata hasira za ajabu. Nilimkasirikia Mama kwa kuniambia niwaombee, nikamkasirikia shangazi, nikamkasirikia hata Baba.

Kilichoniokoa ni soksi. Ilikuwa ya kijani, moja, imesahauliwa kwenye ncha ya kamba ya ghorofa ya tatu, imekauka hata imekunjamana. Niliiona, na mfumo mzima wa uzazi ukanirudia kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na mchoro. Nikasimama kutoka kwenye ndoo. Nikatazama kamba nyingine, tupu, nyingine, tupu, na nikaelewa mambo yangu yamekwenda wapi. Yalikuwa yamening'inia huko chini kwenye vijia, yakidondosha maji juu ya karai ya Mama.

Shida ilikuwa kusema. Utamwambiaje mtu kwamba wema wake umekukosesha? Ploti nzima inaishi na majimaji kwa ajili yako, halafu uende kulalamika? Nililala nayo, nikaamka nayo. Mwisho nikajiambia kwamba aibu ya dakika moja si kitu mbele ya vitambaa vya maisha yote, nikagonga mlango wa ghorofa ya nne.

"Shikamoo."

"Poa. Nini mbaya? Mbona hauko juu?"

"Nimekuja kuomba mrudishe nguo."

Mama wa mapazia akaweka mikono kiunoni. "Unasema nini wewe? Tumekuachia huko juu kote na bado unalia?"

Nikamweleza. Nilianza vibaya, nikarudia, nikamwambia kuhusu kanzu na ini, nepi na homoni. Alinitazama kwa namna ya mtu anayepima kama mwenzake amepata wazimu. Nilipofika kwenye neti nikasema, "Figo liko kwenye kamba yako, Mama. Baba yangu alikufa kwa figo. Nimeshindwa kulisoma mahali pengine popote."

Mikono ikamtoka kiunoni.

"Kwa hivyo figo iko kwa neti zangu," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nimekosana na mtu wa ghorofa ya tatu juu yako! Hatusalimiani!"

"Nisamehe."

"Ngoja hapo." Akaingia ndani, akatoka na beseni la mapazia. Hayakuwa machafu. Yalikuwa yamekunjwa vizuri, tayari kwa soko. Akayamwagia maji mbele yangu, akayakamua, akaliweka beseni kichwani na kupanda ngazi akiita mlango hadi mlango: "Toeni nguo! Mtoto anataka nguo! Kila mtu kwa kamba yake, na kama ulikuwa unaanika kanzu kwanza, anika kanzu kwanza!"

Zilipanda zote, nyingine mbichi, nyingine kavu ambazo zilianikwa tu kutimiza nambari. Mama mwenye mtoto aliniuliza kama nepi zipangwe kwa ukubwa. Baba wa ghorofa ya tano, mtu mpole asiyesema na wanawake ngazini, alimtuma mwanawe aniulize kama kanzu yake ya Ijumaa inahitajika au naweza kusamehe hiyo. Kijana wa ghorofa ya tatu akaja na furushi lake.

"Daktari, nguo zangu ziko na topiki gani?"

"Asidi," nikamjibu.

Mtu ana haki ya kufichiwa mambo mengine.

Mtihani niliufanyia kwenye kituo cha shule ya mbali kidogo, pamoja na wanaorudia wenzangu, wengine wana ndevu, mmoja amemuacha mtoto wake wa kunyonya kwa mlinzi wa lango. Karatasi ya baiolojia ilipokuja nilisoma bismillahi, nikafumba macho, nikapanda ngazi zetu zote kichwani mpaka kwenye mlango wa kufuli. Nguo zilikuwepo. Swali la ini, nikaenda ghorofa ya tano. Swali la homoni, nikaenda kwenye nepi. Nikafunua kurasa zote mpaka mwisho nikilitafuta figo.

Figo halikuja. Hata mstari mmoja.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi niliwaka. Mwaka mzima nimelibeba, nimelililia, nimeirudisha ploti nzima juu ya paa kwa ajili yake, halafu waliotunga mtihani hawana hata haja nalo! Nilirudi nyumbani nimenuna. Mama akaniuliza, "Vipi?" nikamjibu, "Halikuja." Hakuuliza nini. Alinitilia chai.

Matokeo yalitoka siku ya maji. Nilikuwa nimepanda kulinda nguo kama kawaida, maana hakuna aliyeniambia kazi imeisha. Simu ikatoa mlio, nikasoma, nikairudia, kisha nikaiweka chini ya ndoo nisiione. Nikaitoa tena. C ya kujumlisha. Baiolojia B.

Nilichungulia ukingoni nikapiga nduru, ile niliyoagizwa niipige nikiona mwizi. Walipanda na fimbo. Mama wa mapazia alitangulia na mpini wa ufagio, na nilipomwonyesha simu aliutupa akanishika mabega akanitikisa, akisema, "Na sasa nguo zetu nani ataangalia? Eh? Nani?" huku machozi yakimtoka, na kwa mara ya kwanza nilijua ananipenda.

Walishuka mmoja mmoja kwenda kueneza habari. Mimi nilibaki, kwa sababu nguo zilikuwa bado mbichi. Baada ya muda nikasikia mtu anapanda polepole, anapumzika, anapanda. Alikuwa Mama. Tangu tuhamie hapo hakuwahi kufika juu, miguu yake haikutaka ngazi na jiko halikumruhusu. Alitokea mlangoni na aproni yake ya mafuta, akakinga jua kwa mkono, akatazama kamba na anga na ndege moja iliyokuwa inashuka.

"Kumbe huku kuna upepo," akasema.

Nikampa ndoo akae. Alinishika mkono, akaubusu, akasema alhamdulillahi. Nilifikiri amekuja kwa hilo tu.

"Lile ulilosema halikuja mtihanini," akasema baadaye. "Lilikuwa figo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe sasa walijua, hilo figo?"

"Nalijua."

"Basi n'ambie. Baba yako alikuwa na nini?"

Nilimsimamisha taratibu, nikampeleka kwenye kamba ya ghorofa ya nne. Nikamshikisha neti. Nikamwambia figo ni kama hili pazia, limejaa vitundu, na damu hupita hapo mchana na usiku ichujwe. Uchafu hutoka, kilicho chema hubaki. Sasa damu ikiwa na sukari nyingi, haidhuru leo wala kesho. Inalichakaza pazia polepole, mwaka baada ya mwaka, na mwenyewe hana habari. Vitundu vinararuka. Vilivyotakiwa kubaki vinatoka, uchafu unabaki mwilini, miguu inavimba. Nilimtafutia neti moja iliyochanika, nikapitisha vidole vyangu mahali palipochanika, akaviona upande wa pili.

"Miaka mingapi?" akauliza.

"Mingi. Na kabla ya hapo sukari yenyewe hukaa haijulikani. Dalili zake ni ndogo. Mtu anakonda kidogo, anachoka, anakunywa maji sana."

Mama aliliachia pazia.

"Alikuwa akinywa maji," akasema. "Tangu tulipooana, Mombasa. Nilimuekea jagi ubavuni, na likifika asubuhi ni tupu. Wenzangu walinicheka, kuwa nimeolewa na samaki." Akahesabu miaka kwa vidole, na nikamwona akifika kwenye jibu. "Viazi n'meanza kukaanga Nairobi. Wewe washakwenda shule."

"Ndiyo."

Sikumwambia mafuta hayana neno. Angejua ninamdanganya, na sikusoma mwaka mzima nije kumdanganya. Nilimwambia mafuta hayakumsaidia, lakini siyo yaliyoanza, na hata kama asingemkaangia kiazi hata kimoja, neti ilikuwa imeshaanza kuchakaa.

"Kabla ya viazi," akasema Mama.

"Kabla ya viazi."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, huku akitazama upande wa mabati ya Mukuru. Machozi hayakumtoka. Alijifuta mikono kwenye aproni, akapapasa neti moja baada ya nyingine kuona ipi imekauka, akaanza kuzianua na kuzikunja begani, ingawa hazikuwa zetu. Nilimsaidia. Tulipomaliza kamba ya ghorofa ya nne tuliteremka, yeye mbele, akishika ukuta kila ngazi.

Langoni karai ilikuwa imepoa. Aliwasha jiko upya, akangoja mafuta yashike moto, akakaanga kiazi cha kwanza. Mteja alikuwa amesimama na sahani mkononi akingojea. Mama alikitoa kile kiazi, akakipuliza, akakivunja katikati, nusu akanipa mimi na nusu akala.